Kiti cha Mgeni kwa Bibi Kalunde

Mwanaidi amekufa kabla yangu, na hata kwa hilo nimemwonea wivu. Nasema hivyo kwa sababu umri wangu hauniruhusu tena kujipamba. Habari ilinikuta jikoni kwangu hapa Korogwe, asubuhi, nakoroga uji wa wajukuu. Simu ikaanza kulia mfululizo. Kundi letu la tuliosoma pamoja chuo cha ualimu lilikuwa linamwaga rambirambi, huyu innalillahi, yule pumzika kwa amani, na vile vipicha vya mishumaa. Nikasimama na mwiko mkononi, machozi hayaji. Mtu niliyemjua tangu ujanani amefariki, na kilichonijia kwanza hakikuwa uso wake, kilikuwa kigoda. Kigoda kifupi cha mti, kimebonyea katikati kwa kukaliwa, kando ya mafiga ya Bibi Kalunde kule Ngombezi, na Mwanaidi amekikalia miguu kaitanua, anachota mboga kwa mwiko ndani ya chungu cha watu na kuila hapo hapo. Mimi nilikuwa pembeni, nimekaa kwenye kiti. Kiti hicho ndicho kimenisumbua maisha yangu yote.

Mwaka ule ulikuwa wetu wa kwanza chuoni. Jumamosi, badala ya kulala au kufua, tulipelekwa kujitolea kwa majirani, na mwalimu aliyekuwa mlezi wetu alipenda kusema kwamba ualimu hauanzii ubaoni. Wengine walipangiwa kufyeka zahanati, wengine kufundisha watu wazima kusoma. Sisi wasichana wa bweni letu tulipewa Ngombezi, kwenye mashamba ya mkonge, tukakandike nyumba za wazee kabla masika hayajaanza. Wazee wenyewe walikuwa wamestaafu kukata mkonge na kujijengea vibanda vya udongo pembezoni mwa kambi. Tulipanda trela la trekta ya shamba, ndoo mapajani, khanga zimefungwa kiunoni, tukiimba, na tukikaribia kiwandani harufu ya maganda ya mkonge yanayooza ilitufunga midomo. Nilikwenda na moyo mkunjufu. Nilitaka kupendwa na wale wazee, nalisema waziwazi, na sidhani kama kuna mtu anayejitolea asiyetaka hilo. Nilijiona nafaa kuliko wenzangu wote: nilikuwa na adabu, nilikuwa hodari wa kazi, na udongo nilikuwa naujua.

Mlango wetu wa kwanza ulikuwa wa Bibi Kalunde. Alikuwa mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kiume, aliyekuja na mumewe kutoka Unyamwezi wakati mkonge ulikuwa unaita watu, na hakurudi tena kwao. Aliishi na binti yake Nyamizi, rika letu, aliyefanya kazi ya kuanika nyuzi za mkonge kiwandani. Ukuta wao wa jikoni ulikuwa umelala chini, ukikaa ndani unawaona kuku wanavyopita nje. Tukasalimia kwa pamoja, shikamoo bibi, magoti yamekunjwa. Akaitikia, akatuuliza mmoja mmoja tumetoka wapi.

"Mimi natoka Dindira, bibi. Msambaa," nikasema.

"Aa, wa mlimani, wa kwenye chai! Karibu sana, mwalimu. Nyamizi! Hebu leta kiti, mgeni asikae chini."

Nyamizi akaingia chumbani akatoka na kiti, kiti pekee chenye mgongo nyumba nzima, kimevikwa kitambaa cha kufuma. Akakifuta kwa pindo la khanga yake, nikakaa. Nilijiona malkia, mjinga mimi. Kisha Bibi Kalunde akamgeukia Mwanaidi, msichana mwembamba mwenye meno yaliyoachana, ambaye hadi siku ile nilimjua tu kama yule anayekoroma bweni letu.

"Na wewe?"

"Chanika, Handeni. Mzigua."

Bibi akapiga kofi moja kubwa. "Mzigua! Kumbe mtumwa wangu! Nani kakufungulia kamba wewe?"

Mwanaidi hakupepesa hata jicho. "Mtumwa ni nani hapa? Si babu zako waliopita kwetu na mizigo kichwani, wakalala kwenye baraza zetu wakiomba maji? Hebu inuka hapo kwenye kigoda, mwenye nyumba nimefika."

"Maji? Handeni kuna maji? Mtu wa Handeni akiyaona maji si anayapigia shikamoo!"

Nikasema basi, leo tunafukuzwa. Mwanaidi akamsukuma yule bibi kwa bega, akakalia kigoda, akafunua chungu, akaanza kula. Na Bibi Kalunde akacheka hadi kilemba kikamdondoka kwenye majivu. Wote walicheka isipokuwa mimi, ambaye sikujua kama mtu aliyekaa kwenye kiti kile anaruhusiwa kucheka.

Baadaye nilielezwa, ingawa nilikuwa nimeshasikia juu juu. Wanyamwezi na Wazigua ni watani, tangu enzi za misafara ilipokuwa inakatiza Uzigua kwenda pwani. Kwetu milimani misafara haikupanda, kwa hiyo mimi na Bibi Kalunde hatukudaiana neno lolote. Sawa, hayo ni mambo ya kihistoria na mimi historia nimeifundisha hadi nikastaafu. Lakini hebu fikiria uko na miaka yako ishirini, umebeba maji tangu asubuhi, umekanyaga udongo na mabua hadi visigino vimechanika, umepiga ukuta mzima peke yako ukaulainisha kwa kiganja. Mwenzako amelala mkekani anamwambia mwenye nyumba kwamba ugali wake unanuka mkonge. Halafu jioni yeye anapigwa kibao cha mgongo na kuambiwa, "Jumamosi usikose, mshenzi wewe," nawe unaambiwa, "Ahsante sana kwa kazi, mwalimu, Mungu akulipe." Jina langu ni Neema. Muda wote ule Bibi Kalunde hakulitamka. Mwanaidi alikuwa na majina kumi na kila wiki akiongezewa jingine.

Nilijaribu njia zote za watu waliolelewa. Jumapili moja nilitoka kanisani nikaenda Ngombezi peke yangu, kwa miguu, na majani ya chai niliyoletewa kutoka nyumbani, yale mazuri ya kwetu ambayo hayapatikani dukani. Bibi aliyapokea kwa mikono miwili. Akayanusa, akasifu, akapika chai, na akanimiminia mimi kikombe kimoja, cha udongo, chenye ua ubavuni. Wao wenyewe wakanywa uji. Nikasema, "Bibi, nimewaletea ninyi." Akasema, "Hapana, mwalimu, kitu kizuri kama hiki tunamwekea mgeni." Na mgeni nani mwingine aliyekuwa anakuja pale? Hivyo yale majani yote niliyanywa mimi mwenyewe, kikombe baada ya kikombe, Jumamosi hadi Jumamosi, niko kwenye kiti changu chenye kitambaa. Siku ile ya kwanza, kabla kikombe hakijapoa, akachungulia njia na kuuliza, "Na yule mtumwa wangu leo kapotelea wapi?"

Michembe yake nayo, yale makopa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, alikuwa anayachemsha na karanga, na harufu yake ikikupata huna ujanja. Mimi niliwekewa kwenye sahani, kijiko pembeni. Mwanaidi alinyang'anya kwenye sufuria, akafukuzwa kwa ufagio kuzunguka nyumba, akarudi kwa mlango mwingine akanyang'anya tena. Nakuapia, michembe ile ya kwenye sahani haikuwa na ladha. Nimewahi kuipika mwenyewe hapa nyumbani, kwa karanga nzuri, nikaila kwenye sufuria nimesimama, kujaribu tu. Haikuwa na ladha vilevile.

Nakumbuka siku nilipokuwa nje napiga tope ukuta wa nyuma, nao wako ndani, hawakujua niko karibu kiasi hicho, maana udongo ulikuwa haujaziba. Nyamizi alikuwa anasema, "Mama, yule Msambaa anafanya kazi kuliko wote." Nikaacha mkono ukutani nisikilize. Bibi Kalunde akajibu, "Mtoto mwema yule. Ana adabu hadi mimi naogopa kukohoa mbele yake." Wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Sasa mtu ukisikia hivyo ufanye nini? Ukaongeze adabu au uipunguze? Nilimaliza ukuta ule kwa hasira, na ulikuwa ukuta mzuri kuliko wote.

Bwenini nilimwambia Mwanaidi, tumelala, taa haijazimwa. Nilimwambia, "Wewe una bahati." Akashangaa kweli kweli. "Bahati ya nini, bwana? Mwenzangu unakaa kwenye kiti, unakunywa chai. Mimi nimesukumwa kwenye zizi la kuku leo." Na akaanza kukoroma kabla sijamjibu. Hakuwahi kuelewa. Mtu aliyeshiba ukimwambia njaa anadhani unamtania.

Masika yalipoanza Bibi Kalunde akashikwa na malaria. Tulikwenda tukamkuta amejikunyata kitandani, midomo imepasuka, Nyamizi anasema hajala tangu juzi. Nikaomba niachiwe kazi hiyo. Nikapika uji mwepesi, nikatia ndimu na sukari, nikaupoza, nikakaa ukingoni mwa kitanda. "Bibi, jitahidi kidogo." Akafungua macho, akanyoosha mkono akanishika kidole. "Ahsante, mwalimu. Weka hapo, nitakunywa." Hakunywa. Nikaupasha, nikarudi, ahsante mwalimu, weka hapo. Hadi mchana. Halafu Mwanaidi akaingia kutoka kisimani, nguo zimelowa, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Hee! Bado hujafa tu? Mimi nimekuja kurithi kigoda, nakuta mwenye mali anapumua!"

Yule mgonjwa akainuka kwa kiwiko. "Nife nikuachie wewe, mlaji ugali wa bada? Utakichoma kuni!" Sauti haina nguvu, lakini jicho limewaka.

"Basi kunywa huo uji upate nguvu ya kunizuia."

Akaunywa. Uji wangu, wenye ndimu yangu, akaunywa wote kutoka mkononi mwa Mwanaidi, akamtukana kati ya kila funda. Nilitoka nje nikasimama mvuani. Nilifurahi kwamba amekula, nisisingiziwe, lakini furaha ile ilikuwa na mwiba, nami niliuacha mwiba palepale.

Ndiyo maana lilitokea lililotokea. Bibi alipona, nyumba ikaisha, na Jumamosi ya mwisho kabla ya likizo akatupikia. Jiko lilikuwa limekauka vizuri, kuta zangu hazina ufa. Nikaingia. Kiti changu kilikuwa kimeshatolewa, kimefutwa, kinaningoja kando ya mlango. Bibi Kalunde alikuwa kwenye kigoda chake, anageuza kuku. Mwanaidi alikuwa bado nje ananawa. Mimi nikaona nafasi. Nikasema moyoni, kama huyu mama anataka matusi, leo atayapata ya Kisambaa. Nikapita kiti, nikamsimamia kichwani, nikashika kiuno kama nilivyoona wenzangu wanavyoshika.

"Kizee wewe! Inuka hapo mtumwa wangu, nikae!"

Mwiko ulisimama kwenye chungu. Nyamizi akatazama chini. Wale wasichana wengine, Mungu wangu, mmoja alitoka kabisa. Bibi Kalunde akainuka taratibu kwenye kigoda, akajifuta mikono, akanitazama, na machoni mwake hamkuwa na hasira. Afadhali kungekuwa na hasira.

"Mwalimu," akasema, "nimekukosea nini?"

Watu huniambia, nikisimulia, kwamba nilikosa. Nilikosa nini? Nilisema maneno yaleyale, jikoni mulemule, kwa mapenzi yaleyale, na nadhani kwa mapenzi makubwa zaidi. Mwanaidi akatokea mlangoni, maji yanamtiririka usoni, akaona nyuso zetu, akaelewa mara moja. Akamrukia Bibi Kalunde, akamvua kilemba, akapiga kelele, "Mnamchelewesha mgeni kula na yeye anatetemeka kwa njaa, jua limempanda kichwani! Wanyamwezi hamna aibu!" Bibi akamfukuza. Kicheko kikarudi. Nikasukumwa kwenye kiti changu, nikapewa paja la kuku kwenye sahani. Aliniokoa, na sikumsamehe kwa hilo.

Jioni tukaagana. Bibi Kalunde alinipa tetea, kafungwa miguu kwa kamba ya mkonge, akanikabidhi kwa mikono miwili mbele ya wote, akanishukuru kwa maneno marefu mazuri, hata nikaona haya. Nikiwa bado nashukuru, tukasikia kelele. Mwanaidi alikuwa ameshakaribia trela, kigoda kipo kichwani, amekiiba, anakimbia huku anacheka. Bibi Kalunde akamkimbiza hadi njia ya kiwanda, mzee wa watu, akipiga ukunga, "Mwizi! Mzigua kaniibia! Mshikeni!" Na watu wa kambi wametoka milangoni wanashangilia. Trekta ikaondoka, Bibi amesimama katikati ya njia anapunga mkono, anacheka, anajifuta macho. Mimi nilikuwa nimemshika tetea wangu. Nilimla peke yangu likizoni, Dindira, na nilimmaliza.

Hatukugombana, mimi na Mwanaidi. Tulifundisha, yeye Handeni mimi Korogwe, tukaolewa, tukapigiana simu sikukuu zote mbili, yake na yangu. Kila nilipokwenda kwake Chanika nilikikuta kigoda jikoni, anakikalia kuchambua mchele. Sikuwahi kumwomba nikikalie. Mara moja tu, ametoka kumpokea mtu mlangoni, nilikitazama muda mrefu, kisha nikabaki nilipokuwa. Bibi Kalunde alipofariki, Mwanaidi ndiye aliyeitwa. Alikwenda akafanya vituko vyake msibani, kama watani wafanyavyo, wakacheka hadi wakalia upya. Mimi nilipewa habari baada ya wiki, kwa heshima, ili nisisumbuliwe kazini.

Basi nilipanda gari nikaenda Handeni kumzika. Nilifika wanaume wameshatoka na jeneza, sisi wanawake tumebaki uani, mikeka imetandikwa, tumejifunika. Nikatafuta nafasi chini kati ya dada zake. Kabla sijakunja goti mkwe wa Mwanaidi, binti mdogo tu, akaniona. "Jamani, mwalimu mgeni katoka mbali! Leteni kiti!" Nikakataa. Wakanisihi. Nikakaa. Uani kote watu wako chini na mimi niko juu peke yangu.

Ndipo Nyamizi akaingia. Mvi tupu sasa, lakini nilimjua kwa mwendo. Hakutoa salamu. Alipita katikati ya waliao, akaingia ndani, akatoka amevaa khanga na miwani ya Mwanaidi, amekibeba kigoda kichwani. "Nimefuata mali ya mama yangu!" akapaza sauti. "Mwizi amekamatwa leo! Amekimbia miaka yote hii, kumbe mwisho wake kulala!" Akaweka kigoda katikati ya ua, akakikalia, akatanua miguu, akaanza kukoroma. Mwanaidi mtupu! Dada yake mkubwa, aliyekuwa anazirai tangu alfajiri, akapasuka kwa kicheko, akalia, akacheka tena. Nyamizi akachota unga kwenye ungo akaanza kuwapaka watu usoni, mmoja mmoja, akimwaga matusi. Huyu kwa ubahili, yule kwa kulia kwa kujionyesha. Walijikinga kwa mikono huku wenyewe wanazisogeza nyuso zao. Na mimi nilimwonea wivu Mwanaidi kaburini, kwa wivu uleule, haujachakaa hata kidogo. Nilijua msiba wangu utakavyokuwa. Watakaa kimya, watasoma wasifu, watataja miaka niliyofundisha.

Nyamizi akazunguka mstari wote, akanifikia. Mkono umejaa unga, umeinuliwa. Akanitambua. Nikaona mkono ule unashuka. Akaufuta kwenye khanga, akakunja goti kidogo.

"Pole sana, mwalimu. Pole na safari."

Sikupanga. Nilimshika mkono kabla haujaisha unga, nikauleta usoni kwangu, nikajipaka mwenyewe, shavu hili na hili, na paji la uso. Nikangoja. Nilikuwa tayari kwa lolote, anitukane, anisukume kwenye matope. Nikasema, "Mimi pia nilikuwa pale, Nyamizi."

"Ulikuwepo, mwalimu," akasema taratibu. "Mama hakuacha kukutaja. Zile kuta zako hazijaanguka hadi leo."

Akashika ncha ya khanga ya Mwanaidi, akainama, akaanza kunifuta uso, kwa upole, kama anavyofutwa mgeni aliyemwagikiwa chai. Alifuta hadi unga ukaisha wote. Kisha akageuka akaagiza niletewe maji.